Pampu ya mafuta ya mashua inanitesa na Ijumaa nina safari ya Faza. Niunge waya wapi?

MwanaMokowe
Assalam alaykum jamaa wa bahari. Nina mashua hapa Lamu, injini ya ndani, dizeli, silinda tatu, ya Kijapani. Inawaka vizuri na ikienda taratibu haina neno. Nikiongeza mwendo inalegea, inagugumia, mwisho inazima. Nikipiga ule mkono mdogo wa pampu ya mafuta ubavuni, wa kusukuma kwa kidole, inawaka tena. Filta nimebadilisha zote. Fundi mmoja kaniambia hizi pampu za kuendeshwa na injini zimepitwa na wakati, nifunge ya umeme ya gari nisahau taabu. Swali ni moja tu: waya niutoe kwenye ufunguo au moja kwa moja kwenye betri? Ijumaa nina watu wa kupeleka.

Pwani_Mkavu
Betri. Weka na fyuzi.

Mzee wa Matondoni
Kiyana, sisi twalienda Faza na tanga wala hakuna alouliza waya. Yana hapa kuna mmoya kakwama mlango wa bahari wa Mkanda mai yakitoka, ana injini mbili na simu mbili, amengoja mai yarudi pamoja na kaa. Enzi zetu nahodha alisoma bamvua na maji mafu kabla ya kunywa kahawa. Sasa mwasoma mita ya mafuta.

Punda_Langoni
Ndiyo maana mimi nilibaki na punda. Akizima namwagia maji kichwani, anawaka.

SpanaKumi
Ndugu, kabla ya waya. Mambo matatu. Mipira kutoka kwenye tangi hadi pampu ina umri gani? Upande ule pampu inavuta, kwa hiyo ufa haudondoshi tone, unaingiza hewa tu, nawe utahangaika na filta mwaka mzima. Pili, kikombe cha pampu umefungua ukaona wavu na gaskiti yake? Tatu, chomoa stiki ya oili uniambie imesimama wapi.

MwanaMokowe
Mipira mipya. Wavu safi. Oili iko sawa. Turudi kwenye waya tafadhali, pampu ya umeme nimeshanunua.

SpanaKumi
Iko sawa vipi? Juu ya alama, chini ya alama, kwenye alama?

Mama Shela
Hata mimi nimeona umeruka hapo.

MwanaMokowe
Basi imepanda kidogo. Vidole viwili juu ya alama. Nilidhani niliongeza nikasahau, nikapunguza. Asubuhi nikakuta imepanda tena na mashua ilikuwa imetia nanga usiku kucha. Na ina harufu ya dizeli, lakini ni kidogo, na injini haigongi. Sioni inahusiana vipi na mambo ya waya.

SpanaKumi
Inahusiana yote. Usiwashe hiyo injini tena.

Ndani ya pampu kuna daiframu, mpira unaovutwa na mkono wa ndani ulioegemea kemshafti, ile shafti yenye manundu yaitwayo kemu. Juu ya mpira ni dizeli, chini yake ni tumbo la injini. Mpira ukichanika, sehemu ya dizeli inapanda filta na sehemu inashuka sampu, yaani humo tumboni mwa injini panapokaa oili. Ukienda pole kile kinachopanda kinatosha, ukiongeza mwendo hakitoshi. Chini ya mwili wa pampu nyingi kuna kitundu kidogo cha kukuonyesha uvujaji mapema, ila wengi wetu tumekipaka rangi kikaziba.

Oili yako sasa ni nyepesi kama chai ya msibani. Beringi za krenki zitaliwa kimyakimya, kwa hiyo usijivunie kwamba haigongi. Na ikizidi kujaa, injini inaweza kuivuta oili hiyo kupitia bomba la kupumulia na kuichoma kama mafuta. Hapo utavuta kizimio, utafunga koki, haitazima, itapanda mbio yenyewe hadi ivunjike. Kinachoweza kuizima ni kuiziba hewa, na sijui nani atasogeza mkono pale.

Mpwa_wa_Kizingitini
Ya kupanda mbio nimeiona kwa macho, jenereta ya hoteli moja. Watu waliruka dirisha. Mpishi peke yake ndiye aliyebaki, alikuwa na biriani motoni. Ilikuwa ya kuku, nadhani.

MwanaMokowe
Nimeelewa, lakini ndiyo maana naleta ya umeme! Ya zamani sitaitoa, nitaiacha palepale. Ya umeme itakuwa nyuma yake, iisaidie kusukuma. Nimeshalipa na muuzaji harudishi pesa. Na kama yote yakishindikana nimeshakata daiframu kwenye tyubu ya pikipiki, inaingia barabara.

SpanaKumi
Ukiiacha iliyochanika kwenye njia kisha ukaisukuma kwa umeme, utakuwa unajaza sampu kwa haraka zaidi. Na pampu ya gari gani? Zile za petroli za injekta zinatoa baa 3 hivi. Hiyo ya ubavuni haifiki hata baa moja, na filta yako na sili za pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye silinda, zimezoea huo upole. Tyubu nayo itavimba ndani ya dizeli na kulainika. Mpira wa pampu umetengenezwa kwa ajili ya mafuta, tyubu imetengenezwa kwa ajili ya upepo.

Sikatai umeme kabisa. Iko pampu ya umeme ya presha ndogo, ya kazi hii. Lakini ya zamani inang'olewa, tundu lake linazibwa kwa bamba na gaskiti, na waya unapitia switchi ya presha ya oili ili injini ikizima pampu nayo izime. Pwani_Mkavu, ukiunga betri moja kwa moja na mpira wa mafuta ukapasuka, inaendelea kumwaga tangi zima kwenye ngama, kule chini mashua inakokusanya maji.

Pwani_Mkavu
Nilisema aweke fyuzi.

Mama Shela
Hao watu wa Ijumaa ni nani?

MwanaMokowe
Ni harusi. Upande wa bibi harusi. Nimeshachukua kianzio.

Mama Shela
Subhanallah. Mama zetu, watoto, mabuibui na masanduku, kusi hili, halafu wewe una tyubu ya pikipiki. Maboya yanatosha watu wote? Umewaambia?

MwanaMokowe
Nikiwaambia watakwenda kwa mwingine. Na mashua ni ya shemeji, yuko Mombasa, hajui. Msinihukumu, bei ya dizeli mnaijua.

Baharia_Malindi
Samahani wadau, mimi naona tunachezewa. Injini imezimwa usiku kucha, kemshafti haizunguki, pampu haisukumi, oili itapandaje? Pili, daiframu ikiwa imechanika, ule mkono wa kupiga kwa kidole usingefanya kazi, lakini yeye anasema ukipigwa inawaka. Tatu, huyuhuyu mwezi jana alikuwa anauliza bei ya mbuzi Witu. Leo nahodha. Hii hadithi ya harusi imetungwa ili tujaze kurasa.

Punda_Langoni
Mbuzi ni wa harusi.

Mpwa_wa_Kizingitini
Hata mimi nilianza kushangaa. Faza harusi Ijumaa hii sijasikia, na mimi huwa sikosi mwaliko.

MwanaMokowe
Wallahi nimeudhika. Nimekuja na shida yangu mnaniita mwongo.

SpanaKumi
Ngojeni. Mwana, tangi lako liko wapi?

MwanaMokowe
Tezi, huku nyuma, chini ya kiti cha nahodha. Liko juu ya injini, zaidi ya mkono mmoja.

SpanaKumi
Koki ya tangi unaifunga usiku?

MwanaMokowe
Sijawahi.

SpanaKumi
Basi hakuna hadithi hapo. Dizeli inashuka yenyewe kutoka kwenye tangi, inapita penye mchaniko, inaingia sampu huku yeye amelala. Na mchaniko mdogo haukatazi mkono wa kidole kusukuma, unapunguza tu. Wakati mwingine hata pampu nzima huonekana mbovu kwa kidole kwa sababu kemu imesimama juu, unazungusha krenki mzunguko mmoja na mkono unapata nguvu. Dalili zake zote zinakubaliana.

Baharia_Malindi
Kuhusu tangi nakubali, mimi langu liko chini ya sakafu. Kuhusu mbuzi bado.

SpanaKumi
Mwana, fanya hivi leo. Funga koki. Ng'oa pampu, iache na mpira wa kuingilia, fungua koki kidogo, piga mkono wa kidole. Dizeli ikitoka kwenye kitundu au upande wa mkono wa ndani, umepata jibu. Ikiwa kavu, mshuku sili ya pampu ya nozeli, na hilo ni fungu jingine la pesa. Agiza pampu nzima au seti ya vipuri vyake Mombasa, ije na basi hadi Mokowe. Ukibadilisha daiframu peke yake, kaza skrubu ukiwa umeubana mkono wa ndani hadi mwisho wake, la sivyo mpira utakaa umevutika na kuchanika mapema. Gaskiti ya pale chini iwe unene uleule. Ikizidi, mkono haufikii kemu vizuri.

Mwaga oili yote na filta yake, weka mpya, tembeza injini muda mfupi, mwaga tena. Usimwage baharini. Hewa itoe kwa mpangilio: skrubu ya filta, kisha pampu ya nozeli, mwisho nati za nozeli. Na kama ekzosi yako ni ya maji, funga koki ya maji ya bahari wakati unapiga stata muda mrefu, maana maji yatajaa ekzosi na kurudi kwenye silinda. Ikishika tu, ifungue haraka.

Mzee wa Matondoni
Na perekea watu wa harusi habari leo, wapate chombo kingine. Wangu wa kiume ana nafasi, ana injini ya juu na tanga la akiba.

MwanaMokowe
Nimeng'oa. Dizeli imetoka upande wa mkono wa ndani, siyo kidogo. Nimempigia shemeji. Sitaandika alivyosema. Kianzio nimempa mtoto wa Mzee. Pampu itafika na basi la kesho.

Pwani_Mkavu
Hiyo ya umeme unauza bei gani?

MwanaMokowe
Hata kutolea maji ya ngama haifai?

SpanaKumi
Haifai. Muuzie mwenye gari.