Naomba ushauri: mume yuko kwenye mgomo, msaada wa chakula wa serikali (SNAP) tumenyimwa

Ndugu zangu mlioko Marekani, habari zenu, na wakubwa shikamooni. Mume wangu yuko kiwanda cha nyama na chama chao kimeitisha mgomo. Mshahara umekatika, na kile kidogo cha mfuko wa mgomo kinaishia kwenye kodi ya nyumba. Niliomba SNAP, wakapiga hesabu kwa mshahara wake wa kabla ya mgomo, wakasema tumezidi kiwango.

Sheria hiyo ni ya mwaka 1981, na Mahakama ya Juu iliihalalisha 1988 chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kilipoipinga. Familia iliyostahili kabla ya mgomo inaendelea kupata, ila haiongezewi kufidia mshahara uliokatika. Sisi hatukuwemo. Inaniuma sana, maana watoto wangu hawakupiga kura ya kugoma. Unga uliobaki ni wa ugali wa leo na kesho, na maziwa ya mdogo nayapima kwa kijiko.

Aliyepitia haya anisaidie. Huyu mdogo bado hajatimiza mwaka, je, WIC (msaada wa chakula kwa akina mama na watoto wadogo) wataangalia kipato cha sasa? Na chakula cha shule cha wakubwa, fomu naweza kuijaza upya katikati ya mwaka?

Halafu kuna tetesi kwamba mwajiri atafunga mageti. Najua wafanyakazi wakifungiwa nje na mwajiri hawahesabiwi kuwa wamegoma. Ikifika huko, nipeleke ushahidi gani ofisini: barua ya chama, au lazima itoke kiwandani?

Anayejua benki ya chakula isiyodai makaratasi mengi naye aniambie, tafadhali.