Nimesomea mabwawa China, yule bwana akanitolea kikaratasi cha pampu nimsomee!!

Mhandisi wa Barani:
Mikono bado yanitetemeka, mkiona herufi zimeruka mnisamehe. Nimetoka kwenye intavyu ya kazi sasa hivi. Hata tuktuk nimekataa, nimetembea juani mpaka nyumbani nikiongea peke yangu kama mwehu.

Simtaji. Sina haja, mnamjua. Yule wa suti na tai hata kaskazi ikiwa inachemsha bahari, mwenye funguo tatu za gari na gari moja.

Intavyu niliambiwa saa mbili, nimeingia saa sita kasoro. Buibui nimelipiga pasi mara mbili. Mkononi nina faili: shahada ya uhandisi wa maji, tafsiri yenye muhuri, barua ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya kuitambua. Bwana hakuifungua. HAKUIFUNGUA. Aliuliza tu, "Umesoma China? Kichina wakijua?" Nikasema naam, nikadhani sasa twaingia kwenye kazi. Akainama, akavuta droo, akatoa kikaratasi kimekunjwa mara nne, kina doa la chai. Maelezo ya pampu. Ya nyumbani kwake! "Hebu nisomee hapa, yakataa kuvuta tangu juzi."

Jamani. Kikaratasi. Cha pampu.

Mimi nimesimama juu ya bwawa la Three Gorges 2019, mita 181 kwenda juu, mitambo 32 mikubwa, kila mmoja megawati 700. Nimelala na maneno 1,200 ya mtihani wa Kichina kichwani kabla sijaruhusiwa kukanyaga darasa. Miaka mitano! Nirudi nisomee pampu ya nusu hospawa yenye doa la chai!

Twiga wa Malindi yetu hii alifika China 1415, mfalme akatoka mwenyewe kumpokea langoni. Hakuna aliyemuuliza kama ajua Kichina.

Na mwajua kinachoniua ni nini? Nimemsomea. Mpaka mstari wa mwisho. Yeye anaandika, tena anaandika nyuma ya wasifu WANGU. Kisha akatoa mia mbili. "Ya soda hiyo. Tutakupigia."

Kaimati Moto:
Dada, hapo mwisho umeruka. Mia mbili uliichukua au hukuichukua?

Mhandisi wa Barani:
Hilo si suala.

Kaimati Moto:
Kaichukua huyu.

Jirani Yako wa Ukuta:
Miaka mitano China gani? Si ulirudi Januari 2020 likizo, korona ikakufungia hapa hapa? Wanafunzi wengi hawakuanza kurudishwa mpaka Agosti 2022. Hiyo digrii tumeisoma sote mtaa mzima. Saa tisa usiku profesa anafoka kwenye spika ya simu, mtoto wangu alianza kuhesabu kwa Kichina kabla ya Kiswahili. Nami nadai cheti.

Mhandisi wa Barani:
Kwao ilikuwa saa mbili asubuhi! Kipindi ni kipindi. Na hayo yote hayaondoi kwamba mtu mzima amenitolea kikaratasi chini ya meza.

Mzee wa Mihuri:
Binti yangu, pole. Lakini barua ya Tume pekee haitoshi. Uhandisi una bodi yake, usiposajiliwa huko kama mhandisi mhitimu utabaki kusoma matangazo tu. Hata madaktari waliosoma nje wana mtihani wao kabla ya kugusa mgonjwa.

Mhandisi wa Barani:
Nimesajiliwa, mzee wangu. Yote yamo ndani ya faili. Faili haikufunguliwa! Ningelitia gazeti la juzi asingejua.

Ragazzo wa Casuarina:
Mimi Mtwapa sijavuka. Kitaliano nimekiokota ufuoni nikiuza vikoi, leo ndicho kinachonilisha. Nyinyi someni tu.

Bi Kanga:
Kinakulisha Desemba. Mei hoteli zikifungwa wakopa unga kwangu. Na deni la masika sijalisahau.

Ragazzo wa Casuarina:
Bi Kanga, haya tungeongea ndani.

Nimetoka Khartoum:
Mwenzenu analia faili haikufunguliwa. Mimi faili sina. Vita vilipoanza Aprili 2023 nilikuwa nimebakisha mtihani mmoja, mmoja tu. Nimefika Port Sudan na begi la mgongoni na champali. Transikripti ziko kwenye ofisi ambayo sidhani ina paa. Kila niendako ni "lete orijino". Nikaichimbe?

Kaimati Moto:
Pole ndugu. Ila Kiarabu si wakijua? Hapakosi mtu mwenye kikaratasi cha friji.

Nimesoma Hapa Hapa:
Mwajifanya mwaonewa. Sisi tuliobaki ndio twaambiwa hatujaona dunia. Mkopo wangu wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, unazaa asilimia 4 kwa mwaka, unatembea hata nikilala. Huyu Wachina wamemsomesha bure na posho juu, aja kutulilia mia mbili ya soda.

Mhandisi wa Barani:
Bure, ndiyo. Lakini wewe likizo zako ulikuwa ofisini kwa watu, wakujua mpaka mlinzi. Watu ninaowajua mimi wote wako China, na kule kwa kawaida mgeni hapewi kibali cha kazi bila uzoefu wa miaka 2. Huo uzoefu nikaupate wapi? Kwenye pampu?

Jirani Yako wa Ukuta:
Tumerudi kwa pampu.

Bwana Tangi:
Samahani, natoka nje ya mada kidogo. Hiyo pampu yake ilikuwa na shida gani hasa? Yangu pia yanguruma tu haivuti, na bomba hapa limekauka tangu Ijumaa.

Mhandisi wa Barani:
Hewa. Ijaze maji kwanza kwenye tundu la juu ndipo uwashe. Hilo hata karatasi halihitaji.

Bwana Tangi:
Tundu lipi? Yangu ina mawili.

Bi Kanga:
Tangu Ijumaa nawe walalamika? Sisi Maweni ni wiki ya pili. Maji yapo kule Baricho yanakovutwa, yakifika kwetu yamechoka njiani.

Nimesoma Hapa Hapa:
Na wa mikokoteni wameshajua. Jana mtungi nimeuziwa hamsini, tena nusu yake umemwagika mlangoni.

Ragazzo wa Casuarina:
Hamsini? Huyo wa mkokoteni wa bluu? Nami ameniibia huyo.

Bi Kanga:
Wewe hamsini waitoa wapi na unga hujalipa?

Bwana Tangi:
Nimejaza tundu la kulia. Imetoa moshi.

Mhandisi wa Barani:
ZIMA! Zima kwanza. Ilikuja na karatasi? Ipige picha uitume hapa.

Kaimati Moto:
Mia mbili kwanza.