Mrejesho: Kuunganisha poti mbili za ruta na swichi

Wapendwa, nawashukuru kwa majibu yenu. Nilikuwa nimeuliza kwa nini poti mbili za ruta ya ofisi yetu hapa Shimanzi, Mombasa, zilikataa kuungana na swichi kuwa njia moja ilhali taa zote zilikuwa zikiwaka.

Chanzo ni kile mlichokitaja: pande zote mbili zilikuwa zimewekwa katika hali ya kungoja, na katika itifaki ya LACP (kanuni ambazo vifaa hutumia kukubaliana kuunganisha kebo kadhaa kuwa njia moja) upande unaongoja hauanzi kutuma ujumbe mpaka mwenzake aanze. Niliiweka ruta katika hali ya kuanzisha, na kundi la poti hizo mbili likaanza kufanya kazi papo hapo. Nilipochomoa kebo moja, mawasiliano yaliendelea kupitia ya pili, jambo lililonifurahisha kuliko hata kasi yenyewe.

Kuhusu kasi, wanaopanga kufanya hivi waelewe kwamba poti mbili za gigabiti 1 hazimpi mtu mmoja anayenakili faili moja gigabiti 2 kwa sekunde, kwa kuwa kila mtiririko wa data hubaki kwenye kebo moja ili pakiti (vipande vya data) zisifike zikiwa zimevurugika mpangilio. Manufaa huonekana watumiaji wanapokuwa wengi. Tena kila kifaa hugawa kati ya kebo hizo mbili pakiti zile tu kinazozituma chenyewe, kwa hiyo nililazimika kuchagua ugawaji wa kufuata anwani za IP (namba zinazotambulisha vifaa kwenye mtandao) kwenye ruta na kwenye swichi pia. Kubadilisha upande mmoja hakutoshi.