Feni ya kuvuta moshi jikoni: ya kutoa nje au ya kuchuja na kurudisha ndani?

MgeniJikoni: Wakuu, naomba ushauri. Jiko ni la gesi, pleti nne, upana sentimita 60. Chumba ni mita 3 kwa 4, dari mita 2.7. Jiko limeegemea ukuta wa ndani, ukuta wa nje uko mita 4 pembeni. Muuzaji anasisitiza nichukue ya chujio la mkaa, eti haihitaji bomba na kazi ni ileile. Nyingine ni ya kutoa nje, imeandikwa mita za ujazo 600 kwa saa. Nichukue ipi?

BatiNaBomba: Kazi si ileile hata kidogo, mkuu. Mkaa hupunguza harufu, basi. Mvuke na joto vinarudi chumbani, na monoksidi ya kaboni (gesi ya sumu) inapita humo bila kuzuiwa. Kwa gesi, toa nje.

Hesabu: 3 × 4 × 2.7 ni mita za ujazo 32.4. Zidisha kwa 10 hadi 12, yaani hewa ya chumba ibadilike mara hizo kwa saa. Unapata 325 hadi 390. Ya 600 inatosha, ila namba ya kwenye boksi haijui bomba lako litapita wapi, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Tumia bomba la bati, laini ndani, milimita 150 mwanzo hadi mwisho. Ukibana hadi 100, uwazi unabaki chini ya nusu: feni inapiga kelele, moshi hauondoki. Bomba la mikunjo liache. Mikunjo inapunguza kasi ya hewa na kushika mafuta. Kona zisizidi mbili, na kama nafasi ipo, tumia mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya 90.

Kipimamoto: Naongezea. Bomba lisiishie kwenye uwazi wa juu ya dari, hata fundi akikuambia "itatawanyika". Mafuta yatagandamana kwenye mbao na kuwa kuni. Litoke nje kabisa, liinamie kidogo upande wa nje ili maji ya mvuke yasirudi kwenye mota. Mwisho wake weka kilango kinachojifunga feni ikizimwa. Wavu wa mbu hapana, utaziba kwa mafuta.

MgeniJikoni: Asanteni. Na feni ikae urefu gani juu ya jiko?

BatiNaBomba: Kwa gesi, kawaida sentimita 65 hadi 75 juu ya pleti; kijitabu cha mashine kikitaja zaidi, fuata kijitabu. Upana wa feni usipungue 60. Ukipata ya 75 ni bora, maana moshi hupanuka ukipanda. Chujio za chuma zioshe kila mwezi kwa maji ya moto na sabuni.

Kipimamoto: Swali moja kabla hujanunua: kuna hita ya maji ya gesi yenye dohani (bomba la kutolea moshi) humo ndani? Feni ikivuta madirisha yakiwa yamefungwa, inaweza kurudisha moshi wa hita chumbani. Lazima pawe na njia ya hewa kuingia, dirisha au tundu la ukutani. Kupima ni rahisi: washa feni kasi ya juu, funga kila kitu, fungua mlango upenyo mdogo na ushike karatasi ya chooni hapo. Ikivutwa ndani kwa nguvu, feni inakosa hewa.