S ya wima inasema sekunde 2.4, S ya ulalo inasema 3.2, niamini ipi?

mpimaji_usiku

Wakuu habari zenu, naomba msaada wa kusoma kitu kimoja kimenikosesha usingizi. Nina kituo changu kidogo cha kupima matetemeko, Raspberry Shake 3D, jiofoni (vihisi vya mtikisiko) tatu za 4.5 Hz, moja ya wima na mbili za ulalo, sampo 100 kwa sekunde, kimekaa juu ya zege sakafu ya chini kabisa. Juzi usiku saa nane na dakika 14 kikanasa mtikisiko mdogo, hakuna mtu aliyeusikia, ila kwenye skrini umekaa vizuri sana, P (wimbi la kwanza, la haraka) inaanza ghafla, S (wimbi la pili, la polepole) inakuja imenenepa, halafu mkia mrefu unafifia taratibu. Nikafilta, yaani nikabakiza masafa ya 2 mpaka 15 Hz tu, nikaanza kuweka alama.

Sasa tatizo liko hapa. Kwenye chaneli ya wima naona S inaingia sekunde 2.4 baada ya P, wazi kabisa. Nikienda kwenye zile mbili za ulalo S inaingia sekunde 3.2, nayo wazi kabisa tena kubwa zaidi. Ile kanuni ya kuzidisha sekunde za kati ya P na S na 8 ili kupata umbali inanipa kilomita 19 kwa ya kwanza na kama 26 kwa ya pili. Tetemeko lenyewe liko karibu hivi, tofauti ya kilomita 7 ni nyingi mno, inanihamisha kutoka ufa mmoja kwenda mwingine.

Nikakadiria na ukubwa kwa kilomita 26 nikapata 1.2, sijui kama ni sahihi.

Na kuna tukio jingine la mchana saa saba na nusu, hilo P ipo kali lakini S siioni kabisa. Nalo ni tetemeko?

Jabali_Kuu

Mkuu hongera, kupata P na S zilizokaa hivyo kwenye kifaa cha nyumbani si kitu kidogo.

Kawaida S inasomwa kwenye chaneli za ulalo. Mawimbi ya S yanatikisa ardhi kwa kuikata upande upande, na karibu na uso wa ardhi mawimbi yanapanda yamesimama kwa sababu tabaka za juu ni laini, ndo maana P inaonekana zaidi kwenye wima na S kwenye ulalo. Mi ningechukua 3.2.

Ila kabla ya hapo nijibu mawili. La kwanza, hiyo saa nane ni saa ya kwenu au ni UTC (saa ya pamoja ya dunia)? Faili zote zinaandikwa kwa UTC, nimewahi kuona mtu anaita kitu tetemeko la usiku wa manane kumbe kwa saa ya pale ni katikati ya kazi machimboni. La pili, ulifilta namna gani? Kwenye ObsPy (programu ya kuchakata data za matetemeko) ukiwasha zerophase, filta inapita mbele halafu inarudi nyuma, kwa hiyo nguvu ya P inamwagika mpaka kabla P yenyewe haijafika, unaona kitetemo kidogo mbele unaweka alama mapema. Ukitaka kusoma mwanzo wa wimbi soma kwenye data ghafi, au filta ya kwenda mbele tu. Zerophase iache kwa ajili ya kutazama umbo.

Kosa la saa ya kifaa hapa halina madhara, maana S na P zote zinasomwa kwa saa hiyo hiyo, ukitoa moja kwa nyingine kosa linakufa. Madhara yanakuja siku unataka kuunganisha vituo vitatu.

mpimaji_usiku

Saa ni ya kwetu, niliibadilisha kutoka UTC. Na kweli zerophase ilikuwa imewashwa. Nimerudia kwenye data ghafi P imesogea sehemu 5 za mia za sekunde, hiyo ni kama mita 400 za umbali, bado haielezi kilomita 7. Na ile S ya wima haijaondoka, ipo pale pale.

mama_spektra

Samahani kaka Jabali, hapa nakupinga kidogo, na naomba tusiitupe haraka ile ya wima.

Mpimaji, kituo chako kiko juu ya mwamba au juu ya udongo laini? Mchanga, tope la mto, mashapo ya bonde? Kama chini yako kuna mashapo, fikiria S inavyopanda kutoka kilindini. Inasafiri kwenye mwamba mgumu kama kilomita 3.5 kwa sekunde, P kama 6, na hiyo 8 ya kuzidisha inatoka kwenye namba hizo hizo, yaani 6 mara 3.5 gawanya kwa tofauti yao. Sasa S ikifika kwenye mpaka wa mwamba na mashapo, sehemu yake inageuka kuwa P pale pale mpakani. Hiyo iliyogeuka inapanda kwa mwendo wa P, inafika mapema, na kwa kuwa ni P inaonekana kwenye wima. Ile iliyobaki S inapanda polepole sana, kwenye mashapo S inaweza kushuka hata mita mia chache tu kwa sekunde, hiyo ndo unaiona kwenye ulalo imechelewa.

Kwa hiyo watu wanafundishwa kwamba ile ya wima ni mtego, na ni mtego kweli ukiita S ya kawaida. Ila angalia hesabu. P yako ya kwanza imepita mashapo kama P. Ile iliyogeuka nayo imepita mashapo kama P. Ukitoa moja kwa nyingine mashapo yanajifuta, unabaki na muda wa mwamba mtupu, na kanuni ya 8 imetengenezwa kwa mwamba. S ya ulalo imebeba ucheleweshaji wa mashapo, ukizidisha na 8 unaugeuza ucheleweshaji huo kuwa kilomita ambazo hazipo.

Usiniamini kwa maneno, kuna jaribio. Chukua matukio yako yote yenye P na S, ya karibu na ya mbali, pima pengo kati ya ile ya wima na ile ya ulalo. Pengo likikua kadiri umbali unavyokua, nimekosea, ni kitu cha njiani. Likibaki lile lile bila kujali tetemeko limetoka wapi, basi linatengenezwa chini ya miguu yako.

Jabali_Kuu

Dada hapo umenifungua macho. Mi kituo changu kiko juu ya granaiti, S zangu za wima na ulalo zinaingia pamoja, sijawahi kukutana na hili. Nafuta ile 3.2 niliyosema, tusubiri jaribio.

Kuhusu lile la saa saba na nusu mchana, P ya kwanza inakwenda juu au chini? Na ushushe filta mpaka 0.5 Hz uangalie upya. Mlipuko wa baruti unasukuma nje pande zote kwa hiyo P inaanza kwa kwenda juu kwenye kila kituo, S inakuwa dhaifu, na kwa kuwa uko juu juu kabisa ya ardhi unazaa mawimbi ya uso, polepole, ya kati ya nusu sekunde na sekunde mbili kwa wimbi. Filta yako ya 2 Hz imeyakata yote hayo. Lakini P kwenda juu peke yake haitoshi, tetemeko nalo linaweza kukupa juu au chini, inategemea umesimama upande gani wa ufa.

mpimaji_usiku

Wakuu nimekaa na hii kitu jana jioni nzima, nimepata matukio sita yanayosomeka.

Mawili mengine ya usiku yanafanana na la juzi kama mapacha, wima 2.4 na ulalo 3.2, nikiyapandisha moja juu ya jingine mistari inalala pamoja mpaka kwenye mkia. Moja la karibu zaidi ni 1.5 na 2.3. Moja 4.3 na 5.1. La mwisho ndo kubwa kuliko yote, wima 7.1 na ulalo 7.9. Mama spektra pengo ni 0.8 kila mahali! Nimepima mara mbili maana sikuamini.

Halafu hilo la mwisho lipo kwenye katalogi ya kituo cha taifa, nikachukua kitovu na kina chao nikahesabu umbali wa mshazari mpaka kwangu, imekuja kilomita 57. Ya wima mara 8 ni 56.8. Ya ulalo ingenipa 63. Na ni kweli niko kwenye bonde, chini ni mashapo ya mto, kina chake sikijui.

La mchana, P inakwenda juu, na nilipofungua filta mpaka 0.5 nimeona wimbi nene polepole linakuja nyuma, zuri limetulia. Naliondoa kwenye orodha ya matetemeko.

mama_spektra

Nimefurahi sana kusoma hii. Tukio moja la katalogi ni ushahidi mmoja, endelea kukusanya, ila pengo lisilobadilika kwenye umbali tofauti hivyo ni zito.

Hiyo 0.8 sasa ni mali yako, iandike kwenye daftari la kituo. Siku S iliyogeuka haionekani, wewe soma ya ulalo utoe 0.8 kisha ndo uzidishe. Na inakupa habari za chini pia, kwa mfano kama kwenye mashapo S ni mita 500 kwa sekunde na P 1800, pengo la 0.8 linadai unene wa kama mita 550. Hizo kasi nimezichukua kwa mfano tu, ukipata taarifa za kisima kirefu kilichochimbwa hapo karibu utakuwa na kitu cha kushikia.

Jambo jingine, usijaribu kutafuta upande lilikotoka kwa kutazama P kwenye chaneli za ulalo. Kwenye mashapo P inapanda karibu wima kabisa, kinachobaki kwenye ulalo ni kidogo na kelele inakipindisha, utapata mwelekeo unaoyumba. Kwa sasa una duara la kilomita 19 kukizunguka kituo, na hizo 19 ni za mshazari, kina kimo humo humo. Mapacha watatu wanakwambia chanzo ni kile kile, hawakwambii kiko wapi.

sampo_mia

Naingia kwa ajili ya ukubwa tu maana hajajibiwa. Hiyo 1.2 uliipata kwa amplitudo (kimo cha wimbi) gani?

mpimaji_usiku

Nilibadilisha rekodi iwe kama ya Wood-Anderson (kile kipimatetemeko cha zamani alichotumia Richter), nikapima kutoka kilele cha juu mpaka cha chini, milimita 0.1. Kanuni ya ukubwa ya Hutton na Boore ya 1987.

sampo_mia

Hapo ndo penyewe. Amplitudo ya Richter inapimwa kutoka mstari wa katikati mpaka kilele, kwa hiyo ni nusu, 0.05. Sasa kwa kanuni hiyo hiyo, logi ya 0.05 ni −1.30, kwa kilomita 19 masahihisho ya umbali ni kama 2.05, unapata 0.75. Ukiweka kilomita 26 unapata 0.91. Angalia jinsi umbali ulivyokusumbua siku mbili nzima na ukubwa haujasogea hata 0.2, wakati kosa la kilele kwa kilele peke yake ni 0.3.

Kuna mawili ya kukumbuka. Kanuni ile ilipimwa kwa ardhi ya kusini mwa California, kwingine mawimbi yanafifia kwa namna nyingine. Na mashapo hayo yanayochelewesha S yako yanaikuza pia, kwa hiyo hata 0.75 huenda iko juu. Linganisha lile tukio la katalogi, ukubwa wako toa ukubwa wao, fanya hivyo kwa matukio mengi uone wastani unaegemea wapi.

Na milimita 0.05 usiione kubwa, hiyo ni ya karatasi ya Wood-Anderson inayokuza mara 2080. Ardhi yenyewe chini ya zege lako ilisogea kama nanomita 24.

mpimaji_usiku

Nanomita 24, na niliiona P yake ilivyoanza. Nashukuruni sana wote. Lile la katalogi wao wameandika 2.3, mi kwa nusu ya kilele na kilomita 57 napata 2.6, kwa hiyo iko juu kwa 0.3 kama ulivyohofia kuhusu mashapo, nitasubiri mengine kabla ya kusahihisha. Nimeanza daftari, ukurasa wa kwanza nimeandika 0.8.

Jabali_Kuu

Andika na tarehe, na siku ukihamisha kifaa hata kama ni chumba cha pili andika pia. Na data ghafi za hao mapacha zitunze, ukipata wa nne utamtambua kwa kumlinganisha na hao hata kama amezama kwenye kelele huwezi kumwona kwa macho.