Mjadala: Askari wa shule astaafu kama polisi au kama mwalimu?

Mleta hoja: Ndugu zangu tunaolea watoto Texas, naomba tulijadili hili. Askari wawili wanalinda korido moja ya shule, kila mmoja na bastola kiunoni. Wa kwanza ni wa jiji, yuko pale kwa mkataba. Katika miji mingi ya hapa anaweza kustaafu akitimiza miaka 20 kazini, hata kama ana miaka 45. Wa pili ameajiriwa na wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za eneo, hivyo mafao yake yako TRS, mfuko wa walimu. Akiwa alianza 2015 na miaka 30, akitumikia miaka 25 atakuwa na 55. Umri na utumishi vinajumlisha 80 kama kanuni inavyotaka, lakini hajafika 62, umri wa pensheni kamili, na kila mwaka uliopungua hukatwa asilimia 5. Asilimia 35 ya pensheni imekwenda!

Na ni huyuhuyu tunayemwambia risasi ikilia aingie wa kwanza. Katika shule ya msingi mjini Uvalde, hapa Texas, Mei 2022, watoto 19 na walimu 2 waliuawa kwa risasi, polisi wakachukua dakika 77 kabla ya kumkabili muuaji. Mwaka uliofuata sheria ikataka kila shule ya umma iwe na mlinzi mwenye silaha. Kazi ni ya polisi; masharti ya kustaafu yawe ya polisi.

Mwalimu: Kaka, uchungu wako naujua, maana anayefunga mlango wa darasa siku hiyo ni mimi. Ila TRS ni akiba ya walimu, wapishi na madereva wa mabasi ya shule pia. Askari akiondoka mapema atalipwa miaka mingi zaidi. Nani atajazia? Halafu kilichokosekana Uvalde hakikuwa mbio, ni uongozi. Askari wetu ana miaka 58; anawajua watoto kwa majina, na ugomvi anaunusa kabla haujaanza.

Mleta hoja: Dada, kwenye fedha umenibana, nakubali. Basi bunge la jimbo, lililoagiza silaha shuleni, lichangie nyongeza kwa askari hawa peke yao, mwalimu asiguswe hata senti. Huyo wa miaka 58 abaki akipenda, hakuna anayemfukuza. Namtetea yule ambaye magoti yamekwisha akiwa na 54, na bado anaripoti kila asubuhi kwa kuogopa makato.