Tupeane uzoefu: shokapu na springi fupi kwa magari madogo, barabara za Tanga

Nahodha_Raskazone
Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa shokapu na springi za kushushia gari: Mark X, Premio, Allion, Altezza, Corolla na ndugu zao. Tuweke vipimo, jina la kifaa, kinachoharibika na sababu yake. "Liko poa sana" haimsaidii mtu anayetoa hela kesho asubuhi.

Barabara zetu tunazijua. Kuna mitaa ya Ngamiani yenye mashimo yanayojificha chini ya maji wakati wa masika, matuta ya kutoka Pongwe kwenda Muheza, halafu kona za Mombo kupanda Lushoto ambako gari linalolala upande linamchosha dereva na kumtapisha abiria. Nianze na msingi: springi inabeba uzito, shokapu inaizuia springi isiendelee kucheza. Gari likidunda mara tatu baada ya tuta moja, usiilaumu springi, angalia shokapu. Gari likiwa limekaa chini nyuma hata bila mzigo, shokapu mpya haitalinyanyua kiasi cha kuonekana, hapo springi ndiyo imechoka.

Vipimo_Chuda
Asante kwa uzi, mkuu. Wengi wanachagua springi kwa nafasi iliyopo kati ya tairi na fenda: vidole vinne, wanataka viwe viwili. Hicho ni kipimo cha macho. Kipimo kinachoamua kama gari litakaa barabarani ni safari ya shokapu iliyobaki kabla ya kugusa stopa, ule mpira laini kama sponji uliovikwa kwenye shafti (fimbo inayoingia na kutoka kwenye shokapu).

Namna ya kupima: weka gari sakafu tambarare, tairi zikiwa na upepo sawa. Pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne, uandike. Usipime kutoka ardhini, upepo wa tairi utakudanganya. Kisha inua kava ya vumbi ya shokapu, pima shafti inayoonekana kati ya mwili wa shokapu na ncha ya stopa. Hiyo ndiyo akiba yako. Ukitaka kujua unaitumia kiasi gani, funga kwenye shafti kile kimkanda cha plastiki cha kufungia nyaya, kisukume mpaka kilalie mwili wa shokapu, halafu uzungushe gari njia zako za kila siku. Shokapu ikibana, mwili wake unakipandisha kimkanda, na ikirudi kinabaki palepale kilipofika. Ukikikuta kimegandamana na stopa, umeshamaliza akiba kabla hata hujashusha gari.

Sasa hesabu ya mfano. Chukua springi ya nyuma yenye ugumu wa kilo 2.5 kwa milimita ikipimwa kwenye tairi, na akiba ya milimita 75 gari likiwa tupu. Abiria watatu nyuma na mizigo kwenye buti, tuseme kilo 100 zinaangukia kila tairi la nyuma. 100 gawa kwa 2.5, gari linashuka milimita 40. Zinabaki 35 za kumezea mashimo.

Weka springi fupi ya kushusha milimita 30, ngumu kidogo, kilo 3 kwa milimita. Mzigo uleule unaishusha milimita 33. 75 toa 30 toa 33, zinabaki 12. Ukishusha milimita 45 kwa ugumu huohuo, hesabu inatoka hasi 3, yaani gari lenye abiria linasafiri limekalia stopa. Dereva anahisi ukavu anasema springi ni ngumu mno, kumbe springi haifanyi kazi tena, anaendeshea mpira. Ukishusha 15 tu, zinabaki 27, na hiyo inaishika Tanga.

Angalizo: kwenye Mark X na Altezza shokapu ya mbele haimo ndani ya strati (shokapu inayoshika kitovu cha tairi moja kwa moja), imeshikwa kwenye mkono wa chini (chuma kinachounga tairi na bodi kwa chini), ndani zaidi ya tairi. Tairi likipanda milimita 30, shafti inabana pungufu ya hapo. Usikisie uwiano. Weka jeki chini ya mkono wa chini, pandisha tairi milimita 30 kwa futi, usome shafti imeingia ngapi.

Barabara_ya_12
Nakazia kwa Vipimo_Chuda: baadhi ya springi fupi huja na maelekezo ya kupunguza stopa. Kama yanasema kata milimita 15, kata 15, na kata upande mnene ili ncha laini ibaki inapokea pigo la kwanza. Kuiondoa kabisa ni kuua shokapu. Chuma kitagonga chuma, vali ya chini itapasuka.

Mama_Altezza
Kuhusu kukata springi kwa grainda, naomba tuliongee bila kuoneana haya maana gereji nyingi bado wanafanya. Ugumu wa springi unategemea idadi ya mizunguko inayocheza. Springi ya mizunguko 6 ukikata mmoja inabaki na 5, ugumu unapanda kwa asilimia 20. Hapo hujaharibu bado. Kuharibu kunaanzia kwenye kikalio, pale springi inapokaa. Springi nyingi za Toyota zina ncha iliyosokotwa ikalingana na kisahani chake. Ukiikata, koili inakaa juu ya ncha kali, inachimba kisahani, na gari likinyanyuliwa kwa jeki springi inalegea mpaka unaizungusha kwa mkono. Springi iliyolegea hivyo inaweza kutoka kwenye kikalio siku tairi moja linaning'inia kwenye korongo, halafu ikarudi vibaya.

Kupasha moto kwa gesi ili ilale ni kubaya zaidi. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa. Ukikiwasha mpaka kiwe chekundu, sehemu ile inakuwa laini, inaendelea kushuka kila wiki, na upande mmoja unashuka kuliko mwingine. Springi ya namna hiyo haina matengenezo, ni ya kutupa.

KubanaKufunguka
Shokapu. Nikiambiwa nichague kimoja cha kununua kwanza, ni shokapu, springi baadaye.

Kuna za silinda mbili, moja ndani ya nyingine, kama KYB Excel-G. Hizi ni za gesi ya mgandamizo mdogo, zinafanana na ya kiwandani, zinafaa kwa springi za kawaida na zinavumilia kushushwa kidogo. Kuna za silinda moja, gesi ya mgandamizo mkubwa, kama Bilstein B6: zinapoa haraka, hazitoi povu kwenye mafuta ukipiga barabara mbovu muda mrefu, lakini silinda yake ikibonyezwa na jiwe pistoni inakwama. B6 ni ya urefu wa kawaida. B8 imefupishwa kwa ajili ya springi za kushusha. Ukiweka springi fupi kwenye shokapu ndefu, kuna mambo mawili yanatokea: pistoni inafanyia kazi chini kuliko ilivyopangiwa, na springi ngumu inasukuma kurudi juu kwa nguvu kuliko vali ya kufunguka inavyoweza kuizuia. Ndiyo maana shokapu ya kiwandani yenye umri mkubwa hufa upesi ikiwekewa springi mpya fupi.

Koni Sport za njano zinarekebishwa upande wa kufunguka. Anza kwenye laini kabisa, ongeza robo mzunguko, kushoto na kulia sawasawa, jaribu tuta lilelile. Gari likipanda mara moja na kutulia, simama hapo. Ukizidisha, zile rasta za mfululizo zitalishusha gari hatua kwa hatua: springi haipati muda wa kufunguka kabla ya pigo linalofuata, na mwisho unakalia stopa bila kubeba mzigo wowote.

Kabla ya kulipa, taja namba ya chesi, si jina la gari tu. Mark X GRX120 na GRX125 si moja, ya pili inavuta tairi nne. Premio na Allion hivyo hivyo, za kuvuta nne nyuma yake ni tofauti.

Pwani_Kutu
Kwa wanaonunua shokapu za mtumba: isimamishe wima, ibane mpaka mwisho na uiachie mara tano. Mkono usikie uzito mmoja safari nzima. Pakiwa na sehemu inayopita bure kisha inashika, mafuta yamepungua au vali imekwisha. Pitisha ukucha kwenye shafti, mahali ukucha unapokwaruza ndipo sili itakapochanika. Unyevu mwembamba wa mafuta wenye vumbi unavumilika, tone linaloning'inia halivumiliki.

Na hapa kwetu chumvi ya bahari inakula koili ya chini kabisa, pale rangi inaposuguliwa na kisahani na maji yanatuama. Springi nyingi zinavunjikia hapo, na kipande kinabaki kimejificha ndani ya kikombe. Osha sehemu hiyo kwa maji yasiyo na chumvi, zibua matundu ya kutolea maji.

Barabara_ya_12
Kufunga sasa. Bolti ya chini ya shokapu imwagie mafuta ya kulegezea kutu tangu jana yake. Usiipashe moto karibu na shokapu ya gesi. Vibanio vya springi viwili, pande zinazotazamana, zungusha kwa zamu mpaka springi ilegee kwenye kikalio. Ndipo uguse nati ya juu ya shafti. Shafti usiishike kwa plaizi, tumia kitundu chake cha ufunguo. Kisahani cha juu cha strati za Toyota mara nyingi kina alama ya upande wa nje, kigeuze vibaya springi itajikunja kama upinde. Shokapu mpya ya silinda mbili ipampu wima mara tatu au nne kabla ya kuifunga, hewa itoke.

Kosa kubwa kuliko yote ni kukaza bolti za bushi (mipira ya maungio ya mikono) gari likiwa juu ya jeki. Bushi inafungwa ikiwa imejipinda, na gari likishuka inaishi imesokotwa. Mpira unachanika mapema sana. Zishikishe bolti kwa mkono tu bila kuzikaza, shusha gari, lisukume mara kadhaa, kisha ukaze kwa namba za kitabu cha gari hilo.

Mama_Altezza
Na alaimenti (kunyoosha tairi kwa vipimo) siku hiyohiyo, halafu tena springi zikishatulia, baada ya kilomita 500 hivi. Mdomo wa tairi ukiisha kwa ndani watu wanalaumu kamba (camber, tairi kulalia ndani au nje), lakini mara nyingi ni too (toe, uelekeo wa tairi zikitazamwa kutoka juu), tairi zimefunguka mbele. Kamba ya hasi digrii moja na nusu yenye too sahihi haili tairi kwa haraka. Taa nazo zirekebishwe.

Rimu pia: 215/60R16 ina ukuta wa mpira wa milimita 129, 225/45R18 ina 101. Umepoteza milimita 28 za kumeza shimo kabla hujagusa springi. Anayetaka rimu kubwa na springi fupi kwa pamoja, apunguze kimojawapo.

Nahodha_Raskazone
Vipi kwa mwenye gari la abiria au mwenye mtungi wa gesi kwenye buti?

Vipimo_Chuda
Asishushe, mkuu. Springi za kawaida mpya, shokapu nzuri, bushi za mikono na linki za stabilaiza (chuma kinachozuia gari kulala upande). Hapo Lushoto atapanda gari likiwa limenyooka.

KubanaKufunguka
Na kelele baada ya kufunga: kugonga kwa haraka kwenye vishimo vidogo, mwendo mdogo, angalia linki za stabilaiza na nati ya juu ya shafti. Kugonga mara moja ukikanyaga breki, bushi ya mkono wa chini. Mlio wa kamba ya gitaa ukikata usukani gari limesimama, fungua boneti, weka kidole juu ya mauntingi (kishikio cha juu cha shokapu), mwenzako azungushe usukani taratibu. Kidole kikihisi mruko badala ya mzunguko laini, beringi ya mauntingi imekwama au springi haijakaa kwenye ngazi ya kisahani. Fungua tena, usiendeshe ukisubiri izoee.